Nitakapofika Miaka Mia na Kumi na Miwili

Jumatatu, 30 Septemba
Hesabu imekamilika. Nitaishi miaka mia na kumi na miwili! Sibahatishi. Niliuza bima ya maisha hapa Okinawa miaka thelathini, najua watu hufa lini. Kila miaka kumi umri wa kuishi umepanda kwa miwili na ushee. Nikaurefusha mstari kwa rula. Karatasi ikaisha, nikaunga nyingine. Nina sitini na minane tu, kwa hiyo bado mtu wa makamo. Kumposa Michie kunaweza kusubiri. Amefiwa na mume, haendi popote. Kwanza nijifunze kupiga sanshin, gambusi letu la nyuzi tatu, maana anapenda muziki wake. Miaka minne. Kisha niache kukoroma. Miaka miwili. Nitamposa nikiwa na sabini na minne, mbichi kabisa.

Jumanne, 1 Oktoba
Nimempelekea Michie mchoro wangu sokoni, kwenye meza yake ya tofu. Akauliza yeye yuko wapi humo. Nikamweleza kwamba wanawake wana mstari wao. Akasema paa lake linavuja, na kimbunga hakisomi michoro. Akauliza kama sina neno jingine la kumwambia. Nikasema ninalo, ila si la mwaka huu. Akanikatia kipande cha tofu kidogo kuliko kawaida. Bei ileile!

Alhamisi, 3 Oktoba
Zukeran yuko juu ya paa la Michie na nyundo! Zukeran, jirani yangu, sigara mdomoni tangu alfajiri, mafuta ya nguruwe hadi kidevuni. Nikamwambia kutoka chini kwamba kwa mwendo huo havuki themanini na tisa. Akanijibu nisogee, kigae kisinipunguzie hiyo mia yangu. Michie akacheka. Sikupenda alivyocheka.
Lakini nimepata dawa yake. Jumamosi tunamsherehekea shangazi yangu, Kamado, kwa kufikisha tisini na saba, umri ambao kwetu mtu huhesabiwa mtoto tena. Kila mgeni hunywa pombe ya mchele kutoka kikombe cha shangazi ili apate sehemu ya umri wake. Zukeran hatapata hata tone. Nitahakikisha.

Jumamosi, 5 Oktoba
Shangazi alizungushwa kijiji kizima kwa gari la wazi, vititia vya karatasi vikizunguka kwa upepo kila upande. Kwenye karamu nikawa wa kwanza foleni. Nikanywa. Nikarudi mwisho wa foleni. Nikanywa tena. Mara ya tatu shangazi akasema kwa sauti, wote wakisikia, "We Tamayose, umri wangu si kisima! Waachie wenzio." Mara ya nne chupa ikakauka. Ushindi!
Nikageuka nimcheke Zukeran. Hayumo foleni. Hakuwahi kusimama foleni. Alikuwa uani na Michie, karibu na sufuria la miguu ya nguruwe. Wakaingia wameongozana. Wakatangaza kwamba harusi yao ni Novemba. Watu wakapiga miluzi na kucheza. Michie akaniambia polepole kwamba alinipa nafasi Jumanne. Shangazi akauliza miaka yote niliyoinywa leo nitaifanyia nini. Imeniuma sana. Nampenda yule mwanamke, na sijawahi kumwambia.

Jumapili, 6 Oktoba
Kichwa kinagonga. Nimetoa rula.
Zukeran ana sabini. Anavuta sigara, na kikombe hakukigusa. Ataondoka akiwa na themanini na tisa. Mimi nitakuwa na themanini na saba tu. Michie atakuwa mjane tena, nami nitakuwa bado na miaka ishirini na mitano mbele yangu, bila kuhesabu vile vikombe vinne vya jana. Nimefurahi, nikala chakula cha mchana vizuri.
Mwalimu wa sanshin amepiga simu kunikumbusha kwamba darasa linaanza kesho. Nimemwomba aniwekee nafasi ya mwakani. Haraka ya nini?