Jogoo wa Kumwingiza Chikondi Ukooni

Jumatatu, 3 Juni 2024
Mwanangu Raphael amerudi kutoka Malawi na mkewe, Chikondi. Nyumba ya Kihonda ina sauti tena. Tatizo moja: muda wa Chikondi kukaa nchini unaisha mwisho wa mwezi. Wameomba kibali cha ukaazi, na Jumanne ya wiki ijayo ofisa wa uhamiaji anakuja kuhakikisha kwamba ndoa ni ndoa kweli. Raphael amenisihi nisifanye chochote. Nimekubali.
Chikondi ameuliza kama anaweza kuvaa kanga ya marehemu mke wangu, Filomena. Ameuliza kwanza! Huyu haondoki hapa nikiwa hai.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata akili. Nani atamfukuza mtu mwenye ukoo? Mimi Mhehe, ukoo wangu uko Iringa, mbali. Lakini Filomena alikuwa Mluguru wa Matombo, na ndugu zake wamejaa huko. Wakimpokea Chikondi awe binti yao, ofisa atasema nini?

Alhamisi, 6 Juni
Njia ya Matombo mbaya kama zamani. Filomena alikuwa akitangulia, kila kona ananisubiri huku akijifanya anafunga kanga. Leo kona zote tupu.
Nimempelekea jogoo shemeji Yuliana, dada yake mkubwa. Nikasema nina mgeni nyumbani, binti mwema, hana mama hapa nchini, wampokee ukooni. Ndoa sikuitaja. Mambo ya uhamiaji ni siri! Wazee wamekubali, jogoo kaliwa. Yuliana atakuja Jumanne kumwona binti yake. Nimepanga mwenyewe.

Jumanne, 11 Juni
Ofisa alikuja, kijana mpole. Hajamaliza chai, Yuliana akaingia na mkungu wa ndizi na vigelegele, akamkumbatia Chikondi. Ofisa akamuuliza Chikondi ni nani kwake. Binti wa ukoo wetu, afande, tumempokea juzi juzi. Na Raphael? Yuliana akashangaa hata kuulizwa: mtoto wa mdogo wangu, damu yetu hasa.
Nikaingilia. Raphael ni Mhehe kama baba yake.
“Shemeji,” akasema Yuliana, “umekaa na sisi miaka yote hiyo ukiwa umelala? Mtoto ni wa ukoo wa mama.”
Ofisa akaweka kalamu chini. Akauliza amekuja kukagua mke na mume, au kaka na dada.
Raphael akashika kichwa. Mimi moyoni nilikwisha kumwona Chikondi kwenye basi la Malawi, kanga ya Filomena ikipepea dirishani.
Ndipo Chikondi akapiga magoti mbele ya Yuliana. Kiswahili chake cha polepole, lakini kilisimama wima.
“Shikamoo, mama mkubwa. Mimi Mchewa. Kwetu pia ukoo ni wa mama, na kaka haoi dada. Mmeniheshimu sana. Sasa naomba mnitoe, maana hapa nimekuja kama mke.”
Yuliana akasema jogoo wa kumwingiza ameshaliwa. Chikondi akaahidi mtetea wa kumtoa. Yuliana akataka mweusi. Chikondi akasema atakayepatikana sokoni, mama, usinichagulie rangi kama gauni. Wakacheka hadi wakashikana mabega, na mimi nikiwa ndiye kichekesho. Filomena na dada yake walikuwa wakinicheka hivyo hivyo.
Ofisa akachukua kalamu yake.
“Mzee, mwenye ndoa ya kughushi angenyamaza akala ndizi,” akaniambia. “Huyu anatoa kuku ili abaki na mumewe.”

Ijumaa, 28 Juni
Kibali kimetoka! Miaka miwili. Chikondi amepika wali, akaniwekea ukoko pembeni mwa sahani, kama Filomena. Hakuna aliyemwambia. Mtoto yule! Aliokoa ndoa yake kwa magoti na kuku mmoja, wala hakunisema hata kidogo.
Raphael amenitaka niahidi kwamba sitapanga jambo tena. Nimeahidi.
Lakini miaka miwili si mingi, na kosa langu nimeliona. Shida haikuwa Chikondi kuingia ukooni. Shida ni Raphael kuwa tayari yumo. Akitolewa yeye, akawa Mhehe kamili, nafasi inabaki wazi kwa mkewe.
Kesho alfajiri naenda Matombo. Sijamwambia mtu.