Vidole Vitatu vya Shemeji

Jumapili, 8 Juni
Bega la kushoto limevimba. Mpira wa jana. Ni wa nne tangu msimu uanze, na yote minne imenipata kushoto. Yote! Katika besiboli mwamuzi mkuu husimama nyuma ya mdakaji, naye mdakaji huchuchumaa mbele yake kama ukuta. Ukuta wangu ni shemeji, kaka wa mke wangu. Mipira inampita. Mwamuzi mwenzangu, tunayemwita Filimbi, amesimama nyuma ya shemeji huyo huyo tangu mwaka jana na hana hata mkwaruzo. Nauliza tu.

Katibu wa chama kapiga simu. Fainali ni Jumamosi, nami ndiye mwamuzi mkuu. Ila nikiangushwa tena, Filimbi atachukua nafasi yangu, nami nitapelekwa kituo cha tatu, kule pembeni ya uwanja, kuhesabu nyasi. Nikamwambia niko imara. Nilisema hivyo nikiwa nimelala, barafu begani.

Jumatatu, 9 Juni
Kazini nasoma mita za maji. Leo nimechora mwili wangu nyuma ya fomu ya mita na kutia alama kila nilipopigwa. Kushoto kumejaa, kulia kweupe. Kisha nikakumbuka vidole! Kabla ya kila mpira, shemeji humwonyesha mrushaji vidole kwa siri, katikati ya mapaja. Kimoja, mpira wa moja kwa moja. Viwili, wa kupinda. Na vitatu? Nikampigia. Akasema vitatu ni wa polepole, kwani vipi, shem? Alicheka kabla ya kujibu. Nimeandika: alicheka.

Jumatano, 11 Juni
Mechi ya mazoezi. Mpango: kuvisoma vidole. Msoma mita ashindwe na vidole? Kutoka nyuma havionekani, kwa hiyo nikachungulia juu ya bega lake la kushoto. Kimoja. Nikarudisha kichwa, sikuguswa. Kimoja tena, sikuguswa. Kisha vitatu! Nikabaki pale pale nihesabu upya. Mpira ukagonga barakoa yangu ya chuma, usawa wa sikio la kushoto.

Ushahidi.

Mpigaji akaniuliza kama niletewe kiti. Katibu akauliza kama nimeanguka. Nikamjibu nimekaa.

Alhamisi, 12 Juni
Dawa imepatikana. Sinia la mke wangu, lile la maua, linaenea barabara chini ya shati, upande wa kushoto. Mke akauliza mbona nimesimama kama kabati. Nikasema ndio mkao wa mwamuzi. Akasema tatizo langu ni kuchungulia. Filimbi haguswi kwa sababu anatulia nyuma ya shemeji kama mtu aliyejibanza mvua isimpate. Maelezo mazuri. Mazuri mno. Nisisahau kwamba yeye ni dada mtu.

Jumamosi, 14 Juni
Fainali. Viti vyote vimejaa. Kabla ya mpira wa kwanza, shemeji akageuka na kuniambia kwa upole nikae nyuma yake kabisa, nisitoke, atanikinga. Kwa upole! Mtu hakupangii pa kusimama kama hajapapima. Nikasogea kushoto hatua moja.

Kipindi cha tatu, vidole vitatu. Nikachungulia. Ngwaaa! Mlio ulifika barabarani. Wachezaji wawili wakaanza kutoka uwanjani wakidhani ni kengele ya mapumziko. Mtu mmoja jukwaani akapaza sauti kwamba chakula kiko tayari. Mke wangu akasimama, akauliza mbele ya uwanja mzima kama hilo ni sinia lake.

Safari hii sikukaa. Nilianguka.

Katibu alinyoosha mkono kuelekea kituo cha tatu. Filimbi akavaa barakoa yangu, akaniuliza, bosi, na hilo sinia unaniachia au unaondoka nalo?

Jumapili, 15 Juni
Sinia lina bonde katikati. Mke ameliweka mezani mbele yangu, tupu. Ndicho kifungua kinywa.

Shemeji kaja na barafu. Akasema, kama alivyosema dada yake, ningebaki nyuma yake nisingeguswa. Filimbi alibaki hadi mwisho wa mechi na hakuguswa. Vipindi sita! Mtu haponi hivyo bila kujua jambo.

Lakini nimegundua kubwa zaidi. Karibu na kituo cha tatu husimama kocha, eti kuwapa wachezaji wake ishara. Jana alishika kofia, akashika pua, kisha akashika sikio mara tatu. Masikio ni mawili. Na kila aliposhika, alinitazama mimi. Kwa mbali sikuona vizuri. Jumamosi kuna mechi ya kirafiki, nami niko kituo hicho hicho. Nitasogea mbele, hadi kwenye mstari. Filimbi ananionya kwamba hapo ndipo mipira iliyopigwa kwa gongo hupita kwa kasi kuliko popote uwanjani.

Asiseme hivyo kwa nini?

Mama mkwe ana sinia kubwa zaidi.