Hotuba ya Kuzindua Kisu Bora cha Mfukoni kwa Kila Mchuuzi wa Thika na Ruiru

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye hajafika lakini kiti chake kimefika. Wazee wa mitaa ya Kamenu na wenzao mliotoka Gitothua kwa nauli yenu wenyewe. Wachungaji mlioombwa kuomba kwa ufupi mkaomba kwa urefu. Kina mama wa avokado, kina baba wa magunia, mafundi wa stima, vijana wa bodaboda mliozima injini na nyinyi ambao bado hamjazima. Wanakamati wenzangu wa Kamati Tendaji ya Muda ya Ubora wa Kisu cha Mfukoni, Ukanda wa Thika na Ruiru, ambayo mwezi ujao itatimiza mwaka wa tatu wa kuwa ya muda. Itifaki yote izingatiwe, na kama kuna mtu nimemsahau, ajue nimemsahau kwa heshima zote. Hamjambo?

(Wachache: Hatujambo. Sauti moja: Tuko hapa tangu saa nne!)

Nimeskia. Sasa ni saa nane na dakika ishirini, na ninawahakikishia kwamba masaa hayo manne na dakika ishirini hayakupotea, kwa sababu nilikuwa katika mkutano wa kuandaa mkutano huu.

Kwa wale wasionijua, mimi ni Mwenyekiti Mhandisi Daktari Gachau. Uhandisi nilijifundisha mwenyewe, udaktari nilipewa na watu walionipenda. Sikuzaliwa na kijiko cha mtu mdomoni. Nilianza na debe moja la viazi pale Ruiru, debe ambalo halikuwa hata na mkono, na leo nimesimama mbele yenu nikiwa na suti, dereva, na maikrofoni mbili, ijapokuwa moja haifanyi kazi. Ndiyo maana inaniuma, na nasema inaniuma, kuona kwenye group letu la wasap jumbe elfu moja mia tatu na kumi na sita kunihusu, na kati ya hizo, elfu moja mia mbili na tisini ni picha ya kisu peke yake, bila hata salamu.

(Kicheko. Mama mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kadi ya manjano mkononi na plasta kidoleni, anasimama: Mimi ni Nduku. Nauza avokado stejini, na leo beseni langu nimeliacha pale langoni. Nimekuja kuchukua kisu changu. Nambari themanini na saba.)

Asante sana, Mama Nduku, keti kwanza, swali lako liko kwenye ukurasa wa sita na mimi niko ukurasa wa kwanza.

Ndugu wananchi, kwa nini kisu cha mfukoni? Kuna wapinzani wa maendeleo wanaosema kisu ni kitu kidogo. Lakini katika muktadha mpana wa uchumi wa chini kwenda juu na wa juu kubaki juu, ni nani hapa anaweza kufungua duka bila kukata kamba ya gunia? Fundi atachuna waya kwa meno? Mama wa avokado, mteja akimwambia, nionyeshe kama imeiva, ataifungua kwa kucha? Kisu cha kukunja, kile kinachoingia mfukoni asubuhi na kutoka jioni kikiwa kimefanya kazi mara sitini, ndicho ofisi ya mwananchi wa kawaida, na ofisi haiwezi kuwa butu.

(Makofi. Kijana nyuma: Hapo umesema, mzee!)

Ndipo Kamati hii, kwa kufuata public participation, yaani kuwashirikisha wananchi, iliwaomba nyote mlete visu vyenu kama sampuli, ili tuvipime, tuchague kilicho bora, tuagize kingine kama hicho kwa kila mchuuzi, kisha tuwarudishie vyenu pamoja na kipya. Yaani mtu analeta kimoja, anaondoka na viwili. Nanyi kwa uzalendo mkubwa, bila kuuliza swali hata moja, kwa sababu fomu ilikuwa na muhuri, mlileta visu mia nne na kumi na mbili: Thika mia mbili hamsini na kimoja, Ruiru mia moja sitini na kimoja. Kila mmoja akapewa kadi ya manjano yenye nambari. Hiyo ilikuwa miezi kumi na minne iliyopita.

(Kadi za manjano zinainuliwa uwanja mzima. Nduku: Miezi kumi na minne nakata na kale kakisu ka mia moja hamsini! Kamejikunja juu ya kidole changu mara mbili! Wateja wanaona damu, wanaenda kwa jirani yangu Wavinya!)

Pole sana, mama. Lakini tazama, mama anatusaidia kutoa takwimu. Kisu cha mia moja hamsini, kwa utafiti wetu, kinaishi wiki saba. Mwaka una wiki hamsini na mbili. Kwa hivyo mchuuzi ananunua visu saba kwa mwaka, elfu moja na hamsini, na mwisho wa mwaka ana vipande saba na plasta. Mama, chako ulinunua pesa ngapi?

(Nduku: Mia tisa. Kilikuwa na miaka mitano na kilikuwa hakijaanza hata kuchoka. Nilikinunua kwa fundi Githinji kule Gitothua, anayetengeneza kwa chuma cha msumeno wa mbao. Nilifungua visu ishirini na tatu siku hiyo. Unashika mpini, unatikisa ubapa pembeni. Ukicheza kwenye ile pini, weka chini. Ukifungua na kisiseme tak, weka chini, hicho kitakurudia kidoleni. Kisha unakata nyanya iliyoiva. Kisu kizuri hakiibonyezi nyanya, kinapita tu. Githinji alichoka na mimi. Aliniambia, Ai, mama, unanunua kisu ama unachumbia?)

(Kicheko kirefu.)

Tafadhali, tafadhali, tuheshimu maikrofoni. Mama ameyasema kwa lugha ya sokoni, lakini nafurahi kuwatangazia kwamba Kamati, baada ya kazi ya kisayansi ya miezi kumi na minne, imefikia matokeo hayo hayo kwa lugha ya kitaalamu: kwamba ubapa usiwe na mwelekeo wa kuyumba katika kiungo chake, kwamba kufuli itoe sauti thabiti ya kujifunga, na kwamba makali yapenye tunda laini bila kulisababishia msongo. Kurasa tisini na sita. Zimepigwa chapa kwa rangi.

Na hamkuona jasho letu! Kila kisu kilipimwa mara tatu: kwa nyama laini, kwa mfupa, na kwa mutura, ule utumbo wa mbuzi uliojazwa nyama na damu. Visu mia nne na kumi na mbili mara tatu ni majaribio elfu moja mia mbili thelathini na sita. Zoezi hili lilifanyika pale Kamakis, kwenye vibanda vya nyama choma, kwa sababu ya miundombinu yake, kwa Jumamosi ishirini na sita mfululizo, na lilihitaji mbuzi thelathini na tisa, yaani mbuzi mmoja na nusu kwa Jumamosi, jambo linaloonyesha tulivyobana matumizi. Wanakamati wawili walipata gauti, ule ugonjwa wa nyama nyingi, kazini. Hakuna aliyewapigia makofi.

(Hakuna anayepiga makofi.)

Ukurasa wa sita. Mama Nduku, sasa tumefika kwako. Je, sampuli ziko wapi? Kamati hii inaongozwa na uwazi, kwa hivyo nasoma kama ilivyoandikwa: visu mia mbili na nane vilichakaa kutokana na majaribio. Visu mia moja tisini na kimoja havikurudi kutoka uwanjani, na uchunguzi unaendelea, ingawa mchunguzi hajateuliwa. Visu vilivyobaki, kumi na vitatu, viko katika hali nzuri kabisa na vinatunzwa mahali salama.

(Kimeu, fundi wa stima, akiwa amepanda juu ya kiti: Mwenyekiti! Kamati yenu ina watu wangapi?)

Kamati ina wajumbe kumi na watatu, swali zuri sana, tumpigie makofi kijana wetu Kimeu kwa kupenda hesabu.

(Kelele. Mama mmoja: Haiya! Kila mtu kimoja! Kimeu: Mia nne wamekula na mutura, kumi na tatu wameweka mfukoni!)

Naomba utulivu. Naomba utulivu! Mimi nimetoka kwenye debe lisilo na mkono, siwezi kushindwa na kelele. Hebu niwaambie jinsi tulivyokaribia mafanikio. Katika visu vyote, kimoja kilikuwa juu ya vingine kama mnara. Sampuli nambari themanini na saba.

(Nduku, taratibu: Changu.)

Naam, kilichokuwa chako. Ndipo wataalamu wetu wakaandika vigezo vya zabuni, yaani tender, kwa kufuata kisu hicho, wasiache kitu: ubapa wa sentimita nane, usiozidi upana wa kiganja, chuma cha msumeno, pini ya shaba, mpini wa mti uliozungushiwa waya mwekundu mara tano, na pengo dogo kwenye makali, milimita tatu kutoka kwenye ncha.

(Nduku: Hilo pengo nilifungulia soda!)

Kamati haikuwa na taarifa hiyo wakati huo. Wafanyabiashara tisa walileta visu vizuri sana, ving'aavyo, lakini tukavikataa vyote tisa kwa kukosa pengo. Kigezo ni kigezo. Mkitaka value for money, thamani ya pesa yenu, kubalini na uchungu wake.

Lakini leo si siku ya uchungu. Leo ni siku ya uzinduzi. Nyuma yangu mnaona katoni mbili kubwa zimefunikwa kitambaa cha kitenge, na utepe mwekundu umefungwa mbele yake. Katibu wetu Njambi, funua. Naam! Katoni mbili, zimefungwa kwa kamba ya katani, imara kama dhamira yetu. Sasa Njambi, nipe makasi.

(Njambi anamnong'oneza.)

Makasi hayakuletwa. Sawa. Kiongozi hutembea akiwa amejiandaa. Nina kifaa changu binafsi hapa mfukoni.

(Anatoa kisu cha mpini wa waya mwekundu. Nduku: Hicho.)

Hiki ni... hiki nakitunza. Mahali salama nilipopataja ni hapa. Mnisamehe kidogo, kinakuwa kigumu... kinafunguka upande gani hiki? Njambi, shika maikrofoni. Mmh. Labda kimepata kutu.

(Kimeu: Hakina kutu, hakikujui! Vijana: Mpe mwenyewe! Mpe mwenyewe! Nduku anapanda jukwaani bila kuitwa, anakitoa mkononi mwa Mwenyekiti kama mtu anayemwondolea mtoto kitu cha hatari. Anasukuma mgongo wa ubapa kwa kidole gumba cha kushoto. Tak. Uwanja wote: Tak!)

Ahsante, mama, kwa kushirikiana na Kamati. Kama mnavyoona, wadau, yaani stakeholders, wameshika usukani. Kata utepe, mama, kwa niaba ya Mgeni wa Heshima.

(Utepe unaanguka. Nduku anakata kamba ya katoni ya kwanza kwa mkato mmoja, anafungua, anatoa kitabu. Kwenye jalada kuna picha ya kisu chake. Anatoa kingine. Na kingine.)

Ndiyo, ndiyo, hizo ndizo ripoti. Nakala mia nne na kumi na mbili, moja kwa kila mwenye kadi, kwa sababu kabla mtu hajamiliki kisu bora ni lazima amiliki ujuzi wa kisu bora. Hiyo ndiyo awamu ya kwanza. Awamu ya pili itakuwa... Mama Nduku, unakwenda wapi? Mama, hicho ni sampuli rasmi ya Kamati!

(Nduku anafunga kisu, anakitia mfukoni mwa aproni, anaweka kadi ya manjano juu ya meza ya Mwenyekiti: Kadi yako hii. Kisu changu hiki. Tumemalizana, mheshimiwa.)

Mama, nakuomba kwa unyenyekevu wa ofisi yangu, mradi mzima uko ndani ya hiyo aproni! Kina mama, mzuieni!

(Kina mama wanasogea pembeni, wanampa njia.)

Basi. Basi, tusiruhusu tukio dogo litutoe kwenye ajenda. Tuimbe kauli mbiu yetu kwa sauti moja. Kisu bora!

(Uwanja: Mfukoni!)

Kisu bora!

(Uwanja: Mfukoni kwa Nduku! Jukwaani, wajumbe kumi na wawili wanaonekana wameshika mifuko yao.)

Nakaribia tamati. Nawashukuru wafadhili wa mradi huu, ambao tuliwaandikia barua tatu na bado tunawatafuta. Naishukuru ofisi ya ununuzi, ambayo kwa hekima yake haikuwahi kuusikia mradi huu, na hivyo haikuuchelewesha. Namshukuru fundi Githinji wa Gitothua, ambaye tungemwagizia visu hivyo vyote kama mtu yeyote kwenye Kamati angekumbuka kumuuliza. Na namshukuru Mama Nduku kwa namna ya pekee, kwa kuwa katika miaka hii mitatu, kisu bora pekee ambacho mradi huu umewahi kuwa nacho kilikuwa chake, naye alikuwa nacho kabla yetu. Mungu awabariki.

Sasa, kabla hatujatawanyika, nakala zenu nyingine ziko kwenye katoni ya pili na kamba bado haijakatwa. Jamani, ni nani ana kisu?

(Watu mia nne wanageuka kutazama langoni, ambako mteja tayari amesimama mbele ya beseni la avokado la Nduku, akiuliza kama zimeiva.)

(Tak.)