Mzee Lindo na Madabodi Yake

Jumamosi asubuhi, kabla sijatia hata uzi kwenye sindano, Waya alikuwa ameshafika kwenye benchi letu na habari mkononi. Benchi lenyewe liko kati ya cherehani yangu na kiti cha Wembe, kinyozi wetu. Waya ni fundi redio, na hajawahi kukiri kwamba kuna kitu duniani asichokijua.

"Sikilizeni hii," alisema, macho kwenye simu. "Mama wa miaka sitini na minane ameshinda mashindano ya gemu za kompyuta. Kavishwa medali. Wanamwita mwanamichezo."

Wembe alisimamisha mashine juu ya kichwa cha mteja, upande mmoja umenyolewa, wa pili bado. "Mwanamichezo? Kakimbia wapi?"

"Hakukimbia. Alikaa."

"Basi shemeji yangu ni bingwa wa dunia. Alikuja kwangu kutusalimia mwaka juzi, mpaka leo hajanyanyuka kwenye kochi."

"Vidole navyo vinachoka," alisema Mama Birika, anayetuuzia kahawa. "Wewe mwenyewe Wembe unafanya kazi kwa ulimi tu, na jioni unalalamika mgongo."

Tulicheka wote, isipokuwa Mzee Lindo. Huyu alilinda geti la kiwanda miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu hukaa nasi akiwa ameupa ukuta mgongo, macho barabarani, kama vile benchi litaibiwa. Alikohoa, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye mfuko wa koti.

"Hiyo kompyuta ya gemu," alisema, "mimi nanunua. Leo."

Mama Birika alimimina kahawa nje ya kikombe. Waya akaitia simu mfukoni, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu tufahamiane.

"Mzee wangu, wewe?" Wembe aliuliza. "Wewe ambaye ukipigiwa simu unaitikia, 'Nani hapo, simama'?"

"Chekeni, chekeni tu." Mzee Lindo aliinyoosha karatasi juu ya goti. "Mnamjua mjukuu wangu, yule aliyehama na wazazi wake. Ana miaka kumi na mmoja sasa. Kila Jumapili napiga simu. Ananiambia, 'Shikamoo babu. Sijambo. Mama huyu hapa.' Basi. Mwaka mzima nasikia maneno hayo hayo. Lakini mama yake anasema akiingia kwenye gemu na wenzake, anaongea mpaka majirani wanagonga ukuta. Nikawaza, kama maongezi yako huko, basi na mimi niende huko huko."

Wembe alifuta mashine yake ambayo haikuwa na uchafu.

"Sasa umekwama wapi?" nikamuuliza.

"Vitu vingine nimeshachukua. Prosesa ninayo, memori ninayo, kasha ninalo nyumbani. Imebaki hii." Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Madabodi."

"Mada nini?" Mama Birika aliuliza.

"Madabodi," Waya alidakia. "Maana yake bodi mama. Ndani ya kompyuta vitu vyote vinapachikwa juu yake. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo, memori, feni, wote wanakaa kwake."

"Wote wanakaa kwake, na sifa anapewa prosesa." Mama Birika alitikisa kichwa. "Kweli huyo ni mama."

"Mimi bodi siziamini," alisema Wembe. "Bodi yoyote. Wanateuana, wanakaa, wanakunywa chai, wanaahirisha kikao. Mzee, hiyo bodi yako ina mwenyekiti?"

"Wembe, ni kipande cha ubao chenye nyaya!" Waya alifoka.

"Na wajumbe wa hizo bodi nyingine je, si vipande vya ubao? Umewahi kuona kimoja kinafanya kazi?"

Mzee Lindo alinyanyua mkono tukanyamaza. Akatueleza kwamba muuzaji wa duka la kompyuta, lile la ghorofani juu ya duka la dawa, alimwekea mbili mezani. Moja kubwa, ina taa za rangi saba. Nyingine ndogo, nyeusi, haina hata taa moja. "Akaniuliza nachukua ipi. Nikamwambia naenda kwanza kuonana na washauri wangu."

Waya aliweka kola sawa. Hata mimi nilikaa wima.

"Chukua kubwa," Waya aliamua. "Usipoteze muda. Zile taa ndizo zinaongeza kasi. Gari la zimamoto lina taa, umewahi kuliona likichelewa?"

"Ndiyo," tulijibu kwa pamoja.

"Na prosesa yangu itaingia?" Mzee aliuliza.

"Itaingia tu. Ikileta ubishi, unaisugua kidogo na msasa."

"Msasa!"

"Kidogo tu, mzee. Pembeni."

"Jamani, kichwa changu," alilalamika mteja wa Wembe.

"Subiri, kuna kikao cha bodi hapa," Wembe alimjibu.

Mama Birika aliweka birika chini. "Mzee Lindo, huyo mtoto kompyuta yake nani aliitengeneza?"

"Mwenyewe, na baba yake."

"Kwa hiyo mtu anayejua unaye, na wewe umekuja kumuuliza Waya?"

"Nilitaka iwe siri. Nitokee tu mle ndani ya mchezo, aseme, 'Aa! Babu!'"

"Ataisema vizuri sana, wewe ukiwa umebeba prosesa iliyopigwa msasa. Mpigie."

Mzee Lindo aliitoa simu taratibu. Mtu aliyefukuza wezi usiku na mchana kwa miaka thelathini, alilipita jina la mtoto mara mbili kabla ya kulibonyeza. Spika ilikuwa wazi, kwa sababu hajui kuizima.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nimwite mama?"

Nilisimamisha cherehani. Mzee alitutazama, mmoja mmoja, kama mtu anayezama.

"Hapana, usimwite. Nina swali langu. La... la madabodi."

"Babu, umesema nini?"

"Madabodi. Nataka kuchagua."

"Ya nani?"

"Yangu."

Kelele iliyotoka kwenye ile simu ilimfanya mteja wa Wembe ashike sikio lake kuhakikisha bado lipo. "Mamaaa! Mama njoo! Babu anaunda kompyuta ya gemu!" Kisha mtoto akarudi, na sauti imebadilika kabisa, imekuwa ya afisa upelelezi. "Haya babu. Nisomee maandishi ya kwenye boksi la prosesa. Yote. Usiruke kitu."

Mzee alisoma herufi na namba alizonakili kwenye karatasi, za prosesa na za zile bodi mbili za dukani. Akaulizwa memori ni toleo gani, kasha lina upana gani, intaneti ya nyumbani inakuja kwa waya au kwa hewa. Kila jibu mtoto alilipima, akaguna, akauliza lingine.

"Sawa. Chukua ile ndogo. Kubwa haiingii kwenye kasha lako, halafu tundu lake ni la prosesa za kampuni nyingine. Hata usali vipi, haikai. Ndogo inakubali memori yako, na ina nafasi mbili za kuongeza baadaye."

"Na zile taa? Nimeambiwa zinaongeza kasi."

Mtoto alicheka mpaka akapaliwa. "Taa ni pambo tu, babu! Nani amekudanganya?"

"Kuna mtaalamu mmoja hapa. Amesema pia prosesa isipoingia nipige msasa."

"Msasa? Babu, usimwache huyo mtu aingie nyumbani kwako!"

Waya alikumbuka ghafla kwamba ana redio ya mtu inamsubiri, akaondoka bila kumaliza kahawa. Mteja wa Wembe alinyolewa upande wa pili, akajitazama kwenye kioo, akaenda zake. Mimi nilishona mfuko mzima na nusu ya kola. Mtoto bado anaongea: namna ya kuifunga bodi kwenye kasha, skrubu zipi zisikazwe sana, jina gani babu atumie mchezoni na kwamba "Mzee" limeshachukuliwa. Katikati akaingiza habari za shule, za rafiki aliyegombana naye, za jino lililong'oka.

"Samahani mjukuu wangu," Mzee Lindo alisema, "hapo kwenye tundu la prosesa sijaelewa. Hebu nirudie tena, polepole."

Mtoto akaanza upya, kwa subira ya mwalimu wa chekechea.

Wembe alimsogelea, akamnong'oneza, "Mzee, ameshakueleza mara tatu. Ni ile ndogo. Duka litafungwa."

Mzee Lindo aliifunika simu kwa kiganja. Alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba, barabara nzima inapita bila mlinzi.

"Nyamaza wewe," alisema. "Nilielewa mara ya kwanza."