Chuo Kimenichukulia Mtoto, Naomba Mwingine

Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Mabadilishano ya Wanafunzi,

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu chuo chenu cha Wamarekani Weusi kinakifundisha, na Kiingereza changu kinatosha maboksi tu, ambayo nayapakia kwenye ghala huko Plymouth, hapa hapa Marekani.

Binti yangu Ikupa ni mwanafunzi wenu. Likizo zote alikuwa anarudi kwetu Hopkins, mji wa jirani na Plymouth. Mwezi wa kwanza mkampeleka Dar es Salaam kwa muhula mmoja, na sasa anaomba muhula wa pili. Napinga, kwa sababu hizi:

1. Jirani akikuletea chakula, sahani yake hairudi tupu. Ninyi mlimtoa Ikupa, Dar ikawapa kijana wake. Dar imepata, ninyi mmepata. Hopkins imepata barua ya pongezi.

2. Kwa hiyo huyo kijana wa Dar ni wangu. Aletwe likizo. Asiwe mpole, maana Ikupa hucheka buti zangu kabla sijazivua, na mimi nimeshazoea.

3. Nikitoka kazini mgongo unauma, lakini nilikuwa na mtu wa kubishana naye kwa nini lazima tusalimiane ndipo tuombe chumvi. Juzi nimebishana na friji. Mke wangu Victoria akasema, "Baba Ikupa, waambie wakuletee na mke mwingine, huyu naye anaenda Dar."

4. Kama kijana hapatikani, nitapokea profesa. Wa historia anafaa, mradi ajue kukwangua barafu kwenye kioo cha gari.

5. Kama maprofesa wana kazi, njoo wewe mwenyewe, mheshimiwa. Shuka zimeshatandikwa. Utaulizwa umekula nini, na jibu lolote utakalotoa litakuwa na makosa.

Wasalimie wapishi, walinzi, na zaidi bendi ya chuo. Siku tuliyomleta Ikupa walipiga matarumbeta mpaka nikacheza hapo kwenye maegesho, na mtoto akajifanya hanijui.

Niliyepunjwa, lakini kwa heshima zote,
Mudrick Mwaisumo

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mama yangu amepiga simu kutoka nyumbani Tanzania, Tukuyu. Ikupa ametoka Dar kumtembelea, wanamenya ndizi. Nikamsomea mama barua hii yote, nikijua ataniunga mkono. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umeandika vizuri, mwanangu. Mimi Marekani ilinichukulia mtoto, nikakaa hivi hivi. Huyu ndiye wangu."

Mwongezeeni muhula. Mkiweza, miwili.