Bwawa la Hatua Kumi na Moja

Jumamosi, 1 Juni

Kwako Bibie,

Binti yetu amepiga simu asubuhi. Jumapili ya wiki ijayo anakuja na maboksi. Anataka nihamie kwake, kwenye ile fleti ya ghorofa ya saba, chumba kinachotazama maegesho ya magari. Nyumba hii iuzwe. Anasema mtu wa umri wangu hawezi kuachwa peke yake na ngazi, jiko la gesi na huzuni. Nikasema nitafikiri. Akasema, "Baba, umefikiri miezi minane." Akikasirika ana sauti yako, ile ya chini.

Sitaki kuhama. Harufu ya sabuni yako bado imo kabatini, rafu ya pili. Huko ghorofa ya saba nitafungua kabati la nani?

Mchana nikatafuta betri nyuma ya mlango wa jikoni. Sikupata betri. Nikapata ile kalenda yako ya zamani uliyokataa kuitupa kwa sababu ya picha za maua. Nyuma ya mwezi wa Machi umeandika kwa penseli: "Bwawa. Urefu hatua kumi na moja. Upana hatua sita. Kina kifuani. Ngazi nne, za taratibu."

Miaka tisa uliniomba bwawa hilo la kuogelea kwa ajili ya nyonga yako. Miaka tisa nilijibu kesho. Ukaanza kuniita Mzee Kesho mbele ya wageni, nami nikacheka pamoja nao. Siku hizi jina hilo halinichekeshi.

Basi nimepata mpango. Najenga bwawa, na naanza mara moja. Nani atamhamisha mtu aliye katikati ya ujenzi? Hata binti yetu ana haya.

Jumatatu, 3 Juni

Nimepima mwenyewe. Vigingi, nyundo, kamba ya katani. Nikasimama karibu na dirisha la jikoni, nikahesabu hatua kumi na moja. Unajua hatua zangu. Miaka ishirini na sita nimepeleka barua kwa miguu katika mji huu. Mbwa wote waliniheshimu, kasoro mmoja.

Hatua ya kumi na moja ilinifikisha kwenye uzio wa jirani yetu Mpima. Nilishangaa kidogo. Nikasema moyoni, kumbe Bibie alikuwa na ndoto kubwa namna hii, na mimi nilidhani anataka karai tu.

Mpima akachungulia juu ya uzio. Unamjua. Amestaafu kupima ardhi za watu lakini macho hayajastaafu. Watu wa kwetu katika mtaa huu ni yeye na mimi tu, na ndiyo maana hatuna mwingine wa kugombana naye. Akauliza, "Jirani, unachimba bwawa au stesheni ya treni?"

Nikamwambia ni siri ya familia.

Akasema siri yenye urefu wa mita kumi haifichiki, na kwamba vigingi vyangu vimepinda. Akataka kuleta kile chombo chake cha miguu mitatu. Nikamwambia sihitaji. Akaniambia, "Haya, Mzee Kesho." Sijui nani alimfundisha jina hilo.

Jumanne, 4 Juni

Fundi amekuja na mashine ya kuchimba. Ni mtu wa hapa hapa, mpole, anaongea lugha yao ile niliyojifunza kwa kusoma bahasha. Akatazama kamba, akatazama uzio, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia vipimo ni vya marehemu mke wangu. Akavua kofia. Baada ya hapo hakuuliza tena, na ingekuwa heri angeuliza.

Kufikia saa kumi jioni tulikuwa na shimo la kutisha. Nguzo yako ya kuanikia nguo imeng'oka. Nimeilaza ukumbini. Bado ina kibanio kimoja cha kijani.

Mpima alikaa siku nzima upande wake, kiti kimebanana na uzio, anakunywa chai na kutoa maoni ambayo hakuombwa. Anasema udongo ule ni wa mchanga, utamomonyoka. Nikajitia sisikii.

Jumatano, 5 Juni

Udongo umemomonyoka.

Ilikuwa saa nne na nusu. Nilikuwa shimoni na toroli. Nikasikia kitu kama mtu anayefungua droo kubwa. Uzio ukainama kwangu taratibu, kwa adabu kabisa, halafu nyuma yake akaja Mpima. Alikuja akiwa amekaa. Kiti, blanketi la magotini na kikombe, vyote viliteremka pamoja naye hadi miguuni pangu. Chai haikumwagika. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikamuuliza kama ameumia. Akasema ameumia heshima tu. Akatazama huku na huku kutoka chini kule, akaniuliza vipimo hivi nimevitoa wapi. Nikamweleza habari ya kalenda. Hatua kumi na moja kwa sita.

Akauliza, "Hatua za nani?"

Nikamwambia hatua ni hatua.

Akanitazama kwa huruma, jambo ambalo sikulizoea kutoka kwake. "Jirani, hizi ni hatua zako. Shemeji hakuwa anatembea hivi. Wewe umechimba bwawa la ngamia."

Nikamuuliza yeye amejuaje mke wangu anatembeaje. Akapiga funda la chai kwanza. Akasema kila Jumanne, mwaka mzima baada ya wewe kupasuliwa nyonga, alikuwa akikusindikiza kwa miguu hadi bwawa la manispaa, akibeba mfuko wako wa taulo. Alikuwa akikusubiri nje mpaka umalize.

Mimi nilidhani unapanda basi.

Alhamisi, 6 Juni

Leo sijasema na Mpima. Ameweka turubai mahali pa uzio.

Jumanne zile nakumbuka nilikuwa wapi. Nilikuwa mezani natengeneza redio. Uliniuliza mara ya kwanza kama nitakuja nawe. Nikasema Jumanne ijayo. Mara ya pili ukauliza ukiwa umeshavaa viatu. Mara ya tatu hukuuliza, na mimi nikafurahi kwamba umenielewa. Ukweli ni kwamba naogopa maji, na hilo nalo sikukuambia. Redio haikupona.

Nimekaa mchana kutwa nikijaribu kuikumbuka hatua yako. Nakumbuka ulivyokunja shuka, kona kwa kona, kidevu kikishika katikati. Nakumbuka ulivyokohoa kabla ya kusema jambo zito. Hatua siikumbuki. Nimechukua viatu vyako vya kahawia, nikaviweka sakafuni kimoja mbele ya kingine, nikavisogeza kwa mkono. Havikunipa jibu. Nilikuwa natangulia kila mahali, Bibie. Sokoni, hospitalini, hata kwenye harusi ya binti. Nilikusikia tu nyuma ukisema, "Wewe, barua zimekwisha, nani anakukimbiza?"

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda kwa Mpima na sahani ya mayai. Hakuringa sana. Aliringa kiasi.

Akasema yeye hawezi kutembea bila kuhesabu, ni ugonjwa wa kazi. Kutoka lango letu hadi mlango wa bwawa la manispaa ni mita mia tano, alizipima mwenyewe. Yeye hutumia hatua mia saba na sitini. Wewe ulitumia elfu moja mia moja na arobaini. Akaandika kwenye kipande cha gazeti, akagawanya, akachora mstari chini. Sentimita arobaini na nne.

Arobaini na nne. Ni urefu wa kuanzia kwenye kiwiko changu hadi kwenye ncha ya kidole. Ulitembea na maumivu yote hayo na mimi nikikuita uharakishe.

Nilitaka kumuuliza mlikuwa mnaongea nini njiani. Nikaogopa jibu. Akaniambia bila kuulizwa: "Alikuwa anakusema wewe. Wewe na redio yako. Nilichoka." Sikujua nifanye nini na uso wangu, nikala yai langu moja.

Jioni akakata fimbo ya sentimita arobaini na nne. Tukashuka shimoni na kuanza kupima upya.

Jumapili, 9 Juni

Binti amefika saa nne na maboksi tisa. Akapita ukumbini, akaruka nguzo ya nguo, akafungua mlango wa nyuma. Akamkuta baba yake na jirani, wote matope hadi magotini, wamepiga magoti kwenye shimo la ngamia, wanabishana juu ya fimbo. Mpima anadai nimehesabu hatua ya tano mara mbili. Ni uongo. Nilihesabu ya sita.

Binti akasema, "Mungu wangu, sasa mko wawili."

Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu mtu aliye katikati ya ujenzi. Mpima akanisemea. Akamwonyesha vigingi vipya, vile vidogo vilivyo katikati ya shimo kubwa kama kitanda cha mtoto katikati ya ukumbi, akamwambia, "Mwanangu, hizi ni hatua za mama yako."

Binti akavua viatu. Akashuka kwa ngazi ya Fundi. Akatembea kutoka kigingi hadi kigingi, taratibu, mguu wa kushoto akiuvuta kidogo. Hakuhesabu. Mimi nilihesabu. Kumi na moja, Bibie, haikuzidi wala haikupungua. Hakufikiri hata kidogo, alikuwa anajua tu. Miaka yote ile alikuwa nyuma pamoja nawe. Nikageuka nikasoma mfuko wa saruji, pande zote mbili.

Alipopanda juu akatoa amri. Nijenge. Lakini hawezi kulala usingizi akijua baba asiyejua kuogelea anaishi peke yake na bwawa nyuma ya nyumba. Siku litakapojaa maji atachukua likizo aje. Nikishuka ngazi zote nne mbele ya macho yake, hatataja tena maboksi. Nisiposhuka, nafunga mizigo, na nisilete maneno. Nikakubali haraka haraka. Ngazi nne ni kitu gani kwa mtu wa barua?

Ameyaacha maboksi ukumbini.

Jumapili, 21 Julai

Limekwisha. Fundi amefukia shimo la ngamia na kubakiza lako. Zege, vigae vya buluu isiyokolea, pampu inayonguruma kama paka. Ngazi nne, za taratibu. Nguzo yako imesimama tena, na kibanio chake. Uzio wa Mpima umejengwa upya, ila alishikilia kwamba uwe na mlango mdogo upande wake. Nilikataa kwa siku nne. Mlango upo.

Ni dogo, Bibie. Mtu mmoja na nusu. Linakutosha.

Binti amekuja, ana likizo hadi Jumatano. Alikaa ukingoni na taulo magotini. Nikamwambia maji yatulie kwanza, nitaingia kesho.

Jumatatu, 22 Julai

Upepo. Nimemwambia kesho.

Jumanne, 23 Julai

Mpima amepita kwenye mlango wake saa tatu asubuhi, amevaa kaptura ya rangi ya chungwa. Akaingia moja kwa moja, akalala chali juu ya maji kama gogo, tumbo nje. Akasema leo ni Jumanne, na Jumanne ni siku yake. Akasema maji hayang'ati, Mzee Kesho. Nikamwambia mafua yananinyemelea.

Binti alikohoa kidogo, kama wewe, halafu akakunja taulo lake.

Jumatano, 24 Julai

Treni yake ilikuwa saa tisa. Saa saba nikavaa kaptura niliyonunuliwa na wewe kwa ajili ya siku kama hii, ikiwa bado na lebo. Nikashika bomba la ukingoni.

Ngazi ya kwanza, vifundoni. Ngazi ya pili, magotini. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Hilo sikulitazamia. Mpima alikuwa mlangoni kwake. Binti alinyoosha mkono. Mguu ukakataa. Niliona sakafu ya buluu ikichezacheza, nikakuona umesimama mlangoni kwetu, viatu miguuni, unauliza kama nitakuja.

Nikamwambia binti leo tumefanya mbili, hizo mbili nyingine nitamalizia kesho.

Akasema kwa sauti ya chini, "Kesho ipi, Baba?" Akaingia ndani. Nikasimama pale, maji magotini, nikasikia utepe wa gundi ukivutwa ukumbini.

Amefunga maboksi matatu. Vyombo, vitabu, na redio. Anarudi Jumapili kwa yaliyobaki. Nilimwomba rafu ya pili aiache. Akasema rafu ya pili nitaibeba mwenyewe mikononi, hataiweka kwenye boksi. Akanikumbatia nikiwa na maji. Mpima akamsindikiza stesheni, kwa mwendo wake ule wa kuhesabu.

Usihuzunike, nimeshapata mpango. Nyuma ya mwezi wa Agosti kwenye kalenda umeandika: "Kibanda cha kubadilishia nguo. Hatua nne kwa tatu." Mtu aliye katikati ya ujenzi hahamishwi. Mchana huu huu nimetoka na nyundo, nikapima, nikapigilia vigingi vyote vinne. Cha mwisho kimepitia ule mlango mdogo wa uzio na kuingia kwenye bustani ya Mpima. Ndipo nikatazama miguu yangu.

Ile fimbo yako ilikuwa jikoni, juu ya meza, mahali nilipoiacha.

Vigingi nitaving'oa kesho.

Unikumbuke, Bibie.