Spika ya Chumba cha Maiti

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi kwa heshima ya mama aliyekuzaa: usimwambie mtu. Hata neno moja. Ukihisi linakutoka, ziba mdomo kwa leso uendelee kusoma.

Ijumaa Mama Mkurugenzi wa hospitali yetu ndogo ataamua. Ama nithibitishwe kazini, ama nirudi kwa baba mdogo nikauze matairi. Nina shahada! Naogopa matairi. Naogopa seva pia, zile kompyuta zinazoendesha mitambo ya hospitali, ila seva hazinuki.

Tatizo ni Dada Miwani, mkubwa wangu hapa chumba cha kompyuta. Nina hakika ana binamu anayemtafutia kiti changu. Kila siku ananiuliza kama nimekula. Mtu asiye na lake jambo haulizi hivyo kila siku.

Mpango: kuboresha programu ya kuita foleni, kimyakimya. Toleo jipya lina sauti laini ya kike. Mama Mkurugenzi apite ukumbini, aisikie, aulize ni kazi ya nani. Mimi nishushe macho.

Jumanne, 4 Machi

Kila chumba hapa kina seva yake ndogo ya Linux, na kila seva ina spika ya kutangaza moto. Hatuzunguki kuzigusa moja moja. Tunaandika agizo, tunampa Mtiifu (ndivyo tunavyoiita zana inayoziendesha zote), naye anatekeleza kila mahali bila swali.

Nimeandika: hakikisha kila seva ina toleo jipya kabisa la programu ya foleni. Sentensi safi. Mwalimu wangu angeipigia makofi.

Mimi ni mwangalifu. Nikafanya kwanza jaribio la maneno matupu, ambapo Mtiifu hagusi kitu, anasema tu angefanya nini. Akajibu kwamba kila seva itabadilika. Kila moja! Hakuna hata iliyokataa. Nikamshukuru Mungu.

Dada Miwani akauliza nafanya nini. Nikasema nasoma. Akaniachia nusu ya mkate wake. Nimeukagua pande zote. Ni mkate.

Jumatano, 5 Machi

Aibu yangu! Usiku nilimruhusu Mtiifu atekeleze kweli. Programu ya foleni ilikuwepo ukumbini na dirisha la dawa tu. Basi. Lakini mimi sikusema iboreshwe pale ilipo. Nilisema kila seva iwe nayo. Mtiifu, mtoto wa watu, akaiweka hata pale ambapo haijawahi kuwepo.

Asubuhi ile sauti laini ikaita namba thelathini na moja, dirisha la nne. Ikaita ukumbini. Ikaita jikoni. Ikaita wodi ya wazazi, ambako mkunga anasema mama mmoja mwenye uchungu alijibu kwamba haendi popote, wamletee dirisha.

Ikaita chumba cha maiti.

Mzee wa Baridi, anayelinda chumba hicho, alitokea kwetu na kiatu kimoja. Akasema, kwa sauti iliyofika barabarani, kwamba wateja wake hawana foleni wala haraka. Na kama kuna anayetakiwa dirisha la nne basi aende mwenyewe, yeye hamsindikizi mtu.

Nikaona nifute nyayo kabla Dada Miwani hajanusa. Agizo jipya: ondoa programu ya foleni. Mtiifu akaiondoa. Kila mahali. Na ukumbini! Na dirisha la dawa!

Kimya. Ukumbi mzima wa wagonjwa unaitazama spika kama bomba lililokatiwa maji.

Nikajibanza nyuma ya kabati la seva. Huko nikamsikia Dada Miwani amepanda kiti ukumbini, anaita namba kwa mdomo wake. "Hamsini na mbili, dirisha la pili! Mjomba, ni wewe, usinitazame mimi!" Watu wakacheka. Akaita hadi sauti ikakwaruza, ili nipate nafasi ya kuirudisha programu. Hakunitaja. Alipokuja nyuma ya kabati hakuuliza lolote. Alipenyeza mkono tu, akanipa chupa ya maji.

Nimelia kidogo. Pembeni, nyaya zisilowane.

Alhamisi, 6 Machi

Dada Miwani hana sauti. Amenifundisha kwa kunong'ona. Anasema, mdogo wangu, ukitaka kuboresha, sema iboreshwe pale ilipo tu. Weka nakala ya mipangilio kando. Anza na seva moja isiyotegemewa na mtu, ishi nayo kwanza, ndipo uguse nyingine. Na Mtiifu akikwambia vitu vingi vitabadilika, usishukuru. Ogopa.

Ajabu. Nimeogopa maisha yangu yote, na siku moja niliyotakiwa kuogopa ndiyo niliyoshukuru.

Nikamuuliza kuhusu binamu. Anaye mmoja tu. Ananyonya.

Ijumaa, 7 Machi

Nimethibitishwa!

Kumbe Jumatano wakaguzi wa usalama wa moto walikuwepo jengoni. Walisikia tangazo kila chumba, isipokuwa stoo, ambako spika imekufa na hakuna aliyejua. Wakalisifu sana zoezi letu la ghafla la kujaribu spika za moto. Mama Mkurugenzi akauliza lilikuwa wazo la nani. Nikafungua mdomo nikiri. Dada Miwani akaniwahi, kwa sauti ya chura, akasema la kijana huyu.

Nikashusha macho.

Mzee wa Baridi amenipa mkono. Una baridi kweli, lakini nimeushukuru. Baba mdogo amesema kwa simu kwamba matairi hayaozi, yataningoja.

Ijumaa hiyohiyo, jioni

Wote wa ofisini wamekwenda nyumbani. Moyo umenijaa shukrani, na sina cha kuwapa watu hawa. Nimepata! Jumatatu wakute kila kitu kipya. Simu, taa, milango ya kadi. Seva zote, kwa mkupuo.

Nimezingatia mafunzo. Nimeandika "pale ilipo tu", na nimeipigia mstari. Kuanza na seva moja ni kwa watu wasio na uhakika wa kazi, nami sasa ninao. Nakala ya mipangilio nitaweka baadaye, ikitulia. Mtiifu akasema vitu vingi mno vitabadilika.

Nikamshukuru Mungu.

Taa zimezimika. Naandika kwa mwanga wa kioo cha kompyuta.

Basi ewe uliyeokota daftari, ukinihitaji, usipige simu, simu hazipo kwa sasa. Usije mlango wa mbele, haumtambui mtu yeyote, hata mimi niliye ndani. Zunguka nyuma, mlango wa chumba cha maiti. Ule ni wa komeo la chuma, haujui kompyuta. Gonga polepole. Mzee wa Baridi akiuliza ni nani, taja jina lako upesi, maana tangu Jumatano hamfungulii mtu anayejitaja kwa namba. Mwambie amtafute Dada Miwani. Aje na tochi.

Na mkate, kama umebaki.